Matundu ya Nyumba ya Kuimbia

Siku yangu ya mwisho kazini nilikwenda stoo kukabidhi vifaa, kama utaratibu unavyotaka. Mwiko mmoja, mpini umelika. Timazi moja. Pima maji moja, kiputo bado kizima. Tindo mbili na nyundo. Kamba ya kunyooshea mstari, ambayo imekatika na kuungwa mara nyingi hata urefu wake sasa ni suala la imani. Oresta, mtunza stoo wetu, ambaye nilimfundisha uashi mwenyewe kabla hawajampa funguo, aliandika kimoja kimoja kwenye daftari la makabidhiano. Kisha nikaweka mezani tonge la saruji lenye ukubwa wa ngumi. Akaweka kalamu chini.

"Na hili, baba?"

"Hilo nalo kifaa."

Ninyi vijana mliokuwa mmesimama mlangoni mkisubiri soda za kuniaga mlicheka. Nikawaambia nitaliandikia maelezo, kwa sababu ni marefu na soda zilikuwa zinapata joto. Ndiyo haya. Vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara ya idara ya ujenzi mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi mwezi wa saba, na anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa saba anajua kwamba asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Nilifika idarani na cheti changu cha ufundi ndani ya bahasha, nikakabidhiwa kwa Fundi Desideri. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kijeshi lililomfika magotini, na hakuitazama bahasha.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, na miaka miwili ya ufundi."

"Basi utachelewa kujifunza. Chukua ndoo."

Nilibeba maji wiki mbili. Wiki ya tatu akanipa mwiko, akanionyesha jinsi ya kugonga tofali kwa mpini na kusikiliza. Tofali lililoiva hulia, na bichi hunyamaza. Alinifundisha kupima unyevu wa ukuta kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa kiganja cha mwashi kina sugu na hakisikii kitu. Alinikataza kuandika herufi ya jina langu kwenye lipu mbichi, tabia niliyotoka nayo chuoni, ya kuchora G ndogo kwa ncha ya mwiko kila nilipomaliza. "Ukuta si daftari la shule, Gaudensi," alisema. Nilikuwa naacha akiwapo, nikirudia akiondoka.

Kasoro yake ilikuwa moja, nami naisema kwa heshima, maana hakuna mtu ninayemshukuru zaidi baada ya wazazi wangu. Desideri hakuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Tazama." Ukitazama usione, alikuacha hapohapo mpaka uone.

Mwaka wangu wa pili tulipelekwa Ulangani. Wengi wenu mmepita hapo mkienda Mpui bila kusimama. Jina limetokana na ulanga, yale mawe yanayobanduka tabaka kwa tabaka, membamba kama karatasi, yanayopitisha mwanga na yasiyoungua. Enzi za ukoloni palikuwa na mgodi, na mgodi ukazaa mji mdogo. Mabwana walikaa juu kilimani na wafanyakazi bondeni, palikuwa na duka moja, na katikati ya yote lilisimama jengo ambalo hakuna aliyelitegemea katika nchi ya ulezi na mahindi. Mke wa meneja wa mgodi alikuwa mwimbaji huko kwao. Alimwambia mumewe kwamba kama atazikwa hai huku milimani, basi ajengewe mahali pa kuimbia. Yeye aliliita opera. Wafipa waliolijenga waliliita Nyumba ya Kuimbia, na jina hilo ndilo lililobaki.

Haya nilielezwa na Mama Leokadia, mtunza ukumbi. Alipokuwa msichana alifagia jukwaa la yule mama wa Kizungu, na mgodi ulipofungwa na Wazungu wakaondoka, funguo zilibaki mkononi mwake. Hakuna aliyezidai. Baadaye halmashauri ilipochukua jengo, ilimkuta nazo, ikaona ni rahisi zaidi kumwajiri kuliko kumnyang'anya.

Alituzungusha siku ya kwanza. Kuta za tofali za kuchoma, unene wa tofali mbili, na mlango wa mbele wenye upinde ambao hata Desideri aliutazama muda mrefu. Ndani sakafu yote ni mbao, na jukwaa ni la mninga uliopandishwa kutoka bonde la Rukwa kwa mabega ya watu. Nyuma kuna roshani, walikokaa wafanyakazi wa mgodi usiku wa nyimbo. Kwenye ukingo wa jukwaa zilibaki taa za mafuta, zimekingwa kwa vipande vya ulanga badala ya kioo. Juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, kuna kibanda kidogo cha mbao chenye vipenyo pande zote, ambacho kijiji kizima kilisema ni cha njiwa. Na chini, kwa nje, usawa wa kifundo cha mguu, matundu yamepangwa kuzunguka jengo lote, kila moja linapitisha mkono wa mtu mzima.

Mama Leokadia alipanda jukwaani akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, bila kuinua sauti. Mimi nilikuwa nyuma kabisa chini ya roshani, na nilisikia hata pumzi yake alipomaliza. Kila mwaka baada ya mavuno kwaya za Ufipa zilikusanyika humo, na waimbaji walitembea siku nzima kuja kuimba mahali ambapo sauti haikupotea.

Kazi yetu ilikuwa kuziba nyufa na kurudishia lipu iliyobanduka. Siku ya tatu Desideri aliitwa msibani kwao Kasense, akaniacha. "Malizia nyufa," alisema.

Nyufa nilizimaliza mapema, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu nilibakiwa na mfuko mmoja na nusu wa saruji. Ninyi mnanunua saruji dukani kama chumvi. Wakati ule ilikuja kwa kibali, na kibali kilichukua miezi. Mfuko ukishafunguliwa haurudi stoo, ukilala unaganda, na mwashi aliyegandisha saruji ya serikali alikuwa na maelezo ya kuandika. Nikazunguka jengo nikitafuta cha kuziba. Nikayaona matundu.

Nilimuuliza Mama Leokadia ni ya nini. Alisema hajui, ila upepo wa kipupwe unapita humo na watoto wa kwaya wanatetemeka miguu. Hilo lilinitosha. Yeye akachota maji kisimani, mimi nikachanganya, na kwa siku mbili nikaziba matundu ishirini na manne, nikayapiga lipu laini, na kwenye la mwisho, kwa kuwa Desideri hakuwepo, nikachora G.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akavua kiatu, akaweka mguu wake sakafuni, akasema baridi imekwisha. Mama Leokadia alinipikia ugali wa ulezi na samaki wa Rukwa. Mwenyekiti akaandika barua ofisini kwamba kijana Gaudensi ana macho ya kazi, na barua ikasomwa mbele ya idara nzima. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu, na ndiyo pekee niliyowahi kuandikiwa barua. Desideri aliporudi kutoka msibani alikuja moja kwa moja ofisini, akauliza swali moja.

"Umeziba kote?"

"Kote, fundi."

"Vizuri."

Yeye alikuwa anauliza nyufa.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa Mtowisa, chini bonde la Rukwa, kujenga madarasa. Huko bondeni nilikaa miaka mitatu, na nilijifunza kwamba joto linakausha lipu kabla hujaushusha mwiko, na kwamba gari la idara likizama barabarani, unajenga barabara kwanza ndipo unajenga shule. Madarasa yale niliyaachia matundu juu na chini kila ukuta, hewa ipite. Mfugaji mmoja Msukuma aliyetuletea maziwa alikuwa akisimama kututazama. Siku moja aliniuliza, "Fundi, kwenu huko juu Ufipa nyumba hazipumui?" Nikamjibu kwamba kwetu kuna baridi. Nililiona ni jibu zuri sana.

Nilirudi mjini, nikaoa, nikapata watoto, Desideri akastaafu akarudi Kasense kulima ulezi. Kisha nchi ikabadilika. Biashara ikawa huria, saruji ikajaa madukani, mitumba ikajaa sokoni, na malori ya mahindi yakaanza kupanda na kushuka bila kibali cha mtu. Wakati huohuo halmashauri zikaambiwa zipunguze mizigo, na mizigo ilikuwa ya aina mbili, majengo na watumishi. Kila idara iliandaa orodha mbili. Sisi waashi tulijua kwamba jengo likiingia kwenye orodha ya kwanza, mtu wake anaingia kwenye ya pili.

Nyumba ya Kuimbia ilikuwa juu kabisa ya orodha. Ilinuka ukungu. Lipu ya ndani ilikuwa inaporomoka, na kwenye harusi moja mguu wa mpiga gitaa ulitoboa jukwaa ukazama mpaka gotini. Kwaya zilikuwa zimeacha kuja. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, Bwana Ponsiano, alitaka kulinunua jengo alibomoe, ajenge ghala kwa tofali zilezile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mahindi na hakuwa na mahali pa kuyaweka, kama watu wote waliokuwa wakianza biashara miaka ile.

Mhandisi wetu, Injinia Filbert, aliniita. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mwenye adabu, na aliyechoka.

"Fundi, nenda Ulangani ukakague. Niandikie ripoti kwamba jengo limechakaa. Kamati inakaa wiki ijayo."

"Na kama halijachakaa?"

"Fundi, mguu wa mtu umezama."

Nilikwenda. Mama Leokadia alikuwa amezeeka, lakini funguo zilikuwa palepale kiunoni. Tayari alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma uje uivunje?"

"Nimekuja kukagua."

"Basi kagua vizuri. Mimi sijui kazi nyingine, na uzee huu sijifunzi tena." Alifungua mlango. "Nakwambia hivi, hii nyumba inaumwa. Zamani haikuwa hivi. Tangu mlipotutengenezea ile mara, waimbaji wanakohoa. Nimesema ofisini mara ngapi. Wananiambia ni vumbi."

Nilimsikia bila kusikiliza. Nikagonga tofali, zote zilikuwa nzima. Nikapitisha mgongo wa mkono ukutani, juu pakavu, chini pamelowa. Nikabandua mbao mbili za sakafu, nikateremka chini ya ukumbi na tochi. Hewa ya huko ilinikaba. Mihimili ya mbao ilikuwa myeusi, laini, unaichimba kwa kucha. Nikatambaa hadi ukutani, na mwanga wa tochi ukaangukia tundu, na ndani ya tundu saruji. Nikaangalia lililofuata. Saruji. Na lililofuata.

Nilitoka nje nikapiga magoti kwenye kona ya nyuma, nikakwangua chokaa, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Chini yake ilikuwepo G, imechorwa vizuri sana. Mwandiko wangu wa ujana ulikuwa mzuri kuliko huu wa sasa.

Nawaambia ukweli, vijana, kwa sababu ndiyo maana ya kuandika haya. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa toba. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu ameona. Kisha nikafikiri kwamba ripoti nitaiandika mimi, jengo litabomolewa, na G itakwenda na tofali zake kwenye ghala la mahindi. Nilikuwa na watoto watano na jina langu lilikuwa linazungukazunguka karibu na orodha ya pili. Nilimuaga mama nikamwambia nitaandika.

Usingizi ulinikataa, na Jumapili baada ya misa nikapanda baiskeli hadi Kasense. Desideri alikuwa shambani anapalilia. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye tuta, nikamweleza yote tangu mfuko mmoja na nusu wa saruji.

Alichomeka jembe kwenye tuta. Kisha akasema, "Njoo utazame."

Alinipeleka nyuma ya shamba, penye vichaka. Palikuwa na ilungu, lile tanuri la udongo ambalo wazee wetu wa Ufipa waliyeyushia chuma, refu kuliko mtu, ubavu mmoja umemomonyoka. Nilikuwa nimeyaona malungu tangu utoto. Tulikuwa tukijificha humo tukichunga mbuzi. Desideri alikusanya majani makavu, akayawasha ndani, akanionyesha matundu ya chini kuzunguka tanuri. Moshi haukutoka kwenye matundu. Ulikwenda juu, wote, na moto ukanguruma bila mtu kuupuliza.

"Halivukutwi hili," alisema. "Linavuta lenyewe. Chini linakunywa hewa, juu linatema. Waliojenga Nyumba ya Kuimbia walikuwa hawa waliojenga malungu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mzungu alichora kuta. Kupumua kwake walikuweka wao, chini ya sakafu, na njia ndani ya ukuta hadi kile kibanda juu. Ndiyo maana mbao zilikaa kavu miaka yote."

"Hukuniambia, fundi."

"Sikukwambia." Alizima moto kwa mguu. "Nilidhani Mfipa haambiwi tundu la chini ni la nini."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akijilaumu, na alijilaumu kwa kosa langu. Nilitaka kulia, nikashindwa kwa sababu ya moshi, au nikasingizia moshi.

Usiku ule niliandika ripoti. Niliandika kwamba kuta ni nzima na paa ni zima. Niliandika kwamba mbao za sakafu na za jukwaa zimeoza kwa unyevu, kwamba unyevu umetokana na kuzibwa kwa matundu ya hewa, na kwamba matundu yalizibwa na mwashi Gaudensi, ambaye ndiye mwandishi wa ripoti. Nikaomba yazibuliwe na jengo lipewe msimu mmoja wa mvua.

Injinia Filbert aliisoma mara mbili.

"Fundi, ukisema tu hewa imezibwa, inatosha. Jina la nini?"

"Wakiuliza nani aliziba na kwa nini, lazima awepo wa kujibu. Bila hivyo watasema ni maneno."

"Unajua orodha ya watumishi iko mezani kwa kamati ileile?"

"Najua."

Alifunga jalada. "Basi tutaikutanisha kamati hukohuko Ulangani. Uwaonyeshe. Ukishindwa kuwaonyesha, sitaweza kukusaidia, wala huo ukumbi."

Kabla ya siku hiyo nilikwenda kuzibua mwenyewe. Niliwakatalia wenzangu. Matundu ishirini na manne kwa nyundo na tindo, siku tatu, na nawahakikishia nilikuwa nimeziba vizuri. Mama Leokadia alikuja kusimama nyuma yangu na kikombe cha chai, nikaona afadhali asikie kwangu kabla ya kusikia kwa kamati. Nikamwambia ni mimi. Waimbaji kukohoa, jukwaa kutoboka, kwaya kuacha kuja, ni mimi.

Aliitazama ile G muda mrefu.

"Maji ya saruji hiyo nilichota mimi," alisema. "Na mimi ndiye niliyekwambia watoto wanasikia baridi. Kunywa chai, tumekosa wawili."

Kisha akapanda ngazi, na umri wake ule, hadi darini, akasafisha viota vya ndege kwenye kile kibanda ambacho sote tuliambiwa ni cha njiwa.

Kamati ilikuja asubuhi. Bwana Ponsiano naye alikuja, akiwa amevaa suti, na futi ya kupimia mfukoni. Desideri aliletwa kwa gari la Injinia. Nilitaka kuwasha majani mara moja tumalize, lakini mzee alinishika mkono.

"Jua likae juu ya bati kwanza. Bati likiwa baridi nyumba haivuti."

Basi tukasubiri. Wajumbe walitazama saa zao. Mmoja alisema wana kikao kingine mjini. Desideri alikuwa ameketi kwenye jiwe kama mtu anayesubiri mihogo iive. Ilipokaribia saa saba alinyanyuka, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, akaniambia, "Haya."

Niliwasha majani mabichi kwenye karai mbele ya tundu la kona. Moshi ulipanda moja kwa moja usoni pa Mwenyekiti wa kamati, akakohoa. Nikasikia mtu anacheka. Nikasogeza karai karibu zaidi na ukuta. Moshi ukayumba, ukainama, ukaingia tunduni. Tukangoja. Hakuna kilichotoka mahali popote. Ndani ya ukumbi hakuna moshi, nje hakuna moshi, na mimi nilikuwa nahesabu watoto wangu mmoja mmoja kichwani. Mama Leokadia ndiye aliyekuwa mbali, upande wa barabara, anatazama juu. Aliinua kitenge chake akakipunga.

Tukarudi nyuma tukatazama. Kibanda cha juu ya paa kilikuwa kinatoa moshi mweupe, taratibu, pande zote nne.

Bwana Ponsiano alisimama mikono kiunoni. "Kumbe nyumba inavuta sigara," alisema. Akazunguka jengo lote akiingiza mkono kwenye matundu, tundu moja baada ya jingine, na suti yake. Aliporudi alimwendea Injinia. "Mahindi yangu yananiozea kwa unyevu. Mwaka jana nimetupa magunia. Hili jengo silitaki tena. Nipeni kiwanja kingine, na huyu fundi anijengee ghala lenye matundu haya." Kisha akawageukia wajumbe. "Msimwondoe. Fundi anayejishtaki mwenyewe kwa maandishi, mimi sijapata kumwona. Wengine wote walionijengea husema kosa ni la mvua."

Jengo lilipewa msimu mmoja. Mvua zilikuja, zikapita. Mwezi wa tano mimi na Injinia tuliteremka chini ya sakafu, na mgongo wa mkono wangu ulikuta udongo mkavu, ukavu wa vumbi. Tukabadilisha mihimili iliyooza na mbao za jukwaa. Jina langu halikuonekana kwenye orodha. Sikuuliza kwa nini, wala nisingependa kujua. Ghala la Bwana Ponsiano nililijenga likizo yangu, na mpaka leo halijaoza gunia.

Kwaya zilirudi mavuno yale. Sitaki kuwadanganya kwamba ukumbi ulijaa, maana vijana walikuwa wamegundua redio kaseti. Lakini Mama Leokadia alipanda jukwaani kuwakaribisha, akaimba mstari uleule, bila kuinua sauti. Mimi na Desideri tulisimama nyuma chini ya roshani. Sauti ilitufikia nzima, pamoja na pumzi ya mwisho. Desideri alinigusa bega. Ilikuwa ni kawaida yake kugusa kitu alichokikagua na kukikubali, na nilimshukuru Mungu, na ninamshukuru hata sasa ninapoandika, kwamba mzee alikuwa hai kuigusa kazi hiyo.

Mzee na Mama Leokadia wote wawili wamekwisha kututangulia. Funguo za ukumbi ziko kiunoni mwa mjukuu wa mama. Kipupwe kikija watoto wa kwaya bado wanatetemeka miguu. Tumewashauri wavae soksi.

Turudi stoo. Oresta alilichukua tonge, akaligeuza mara mbili, akaona herufi. Lilitoka zima kwenye tundu la kona, saruji ya kibali ilikuwa saruji kweli. Limekaa mezani kwangu tangu siku ile, na kila nilipotumwa kuziba au kubomoa kitu nilichokikuta, nililitazama kwanza.

"Baba, siwezi kulipokea bila maelezo," alisema. "Mkaguzi ataniuliza. Niandike nini?"

Nikamwambia aandike kama nilivyoandika mimi kwenye ripoti, kwa jina: kosa la Gaudensi, moja, halijavunjika. Anayelipokea, Oresta.

Alifikiri kidogo. Kisha akaandika, akasaini.